Siku Saba za Maji

Katika magofu ya Kaole, karibu na mji wa Bagamoyo, zimo kuta za matumbawe na chokaa ambazo asili yake ni karne ya 13. Ujuzi wa chokaa haujapotea katika pwani yetu. Hata leo fundi wa Mlingotini au wa Mkokotoni akimaliza sakafu humwambia mwenye nyumba aimwagie maji asubuhi na jioni, wala asiache jua liipige. Asiyesikia huona nyufa kabla ya juma kwisha.

Jambo hilo dogo, ambalo kila mwenye nyumba analijua, ndilo linaloamua umri wa barabara ya lami. Tunalikumbusha leo kwa sababu ukanda huu umo katika ujenzi mkubwa. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata, yenye kilomita 64, imekwisha kutandikwa lami. Mnamo Desemba 2019, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa awamu ya kwanza ya njia ya pwani itakayounganisha Bagamoyo, Tanga na Malindi nchini Kenya. Fedha hizo ni deni la wananchi.

Pwani hii ina mchanga, udongo wa mfinyanzi na matumbawe. Kokoto ngumu hufuatwa mbali, kama vile Lugoba, na gharama ya kuzisomba ni kubwa. Kwa hiyo wahandisi huchanganya udongo wa papo hapo na saruji au chokaa, wakaushindilia uwe tabaka la kubeba lami. Njia hiyo ni ya busara, na saruji haiko mbali: kiwanda cha Wazo Hill, kando ya njia ya Bagamoyo, kilianza kazi mwaka 1966.

Lakini wepesi wa kupata saruji una mtego wake. Yuko anayedhani kwamba saruji ikizidi, barabara itadumu zaidi. Sivyo. Udongo uliotiwa saruji husinyaa unapokauka. Saruji ikiwa ya kiasi, tabaka hupata nyufa nyingi nyembamba kama unywele, zisizodhuru sana. Saruji ikizidi, tabaka hugeuka bamba gumu, likapasuka mahali pachache kwa nyufa pana. Ufa mpana hupanda hadi juu ya lami. Masika huingiza maji. Udongo wa chini hulainika, na magari humalizia kazi. Ndipo tunapoona viraka juu ya viraka.

Mwongozo wa usanifu wa barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 1999 umeyagawa matabaka hayo kwa nguvu inayopimwa baada ya siku saba: megapaskali 2, 1 na nusu. Tunawaomba wahusika wasihesabu kuvuka sana vipimo hivyo kuwa sifa ya mkandarasi.

Dawa inajulikana. Udongo wenye mfinyanzi mwingi utiwe chokaa kwanza, kwa kuwa mfinyanzi ndio unaosinyaa kuliko vyote. Maji ya kuchanganyia yasizidi kipimo cha maabara. Ushindiliaji ukamilike kabla saruji haijashika, na bora usizidi saa mbili. Kisha tabaka lihifadhiwe na unyevu kwa siku saba mfululizo, au linyunyiziwe utando wa lami ili lisikauke. Kulimwagilia leo na kuliacha likauke kesho ni hasara, maana hunywea na kuvimba kwa zamu, na hewa nayo huidhoofisha saruji. Penye uwezo, tabaka la kokoto zilizosagwa huwekwa kati yake na lami, likazuia nyufa zisipande juu.

Huko Austria, na baadaye katika jimbo la Texas nchini Marekani, wahandisi wamejaribu pia njia nyingine. Tabaka likikaa siku moja hadi tatu, hupitiwa tena na mtambo wa kushindilia unaotetema, ili lipate nyufa ndogo ndogo nyingi mahali pa chache zilizo pana. Kisha linaendelea kumwagiliwa.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani, na kwa vijiji vyote vya ufukweni, liko onyo moja zaidi. Maji yawe baridi, si ya bahari wala ya kisima cha chumvi. Chumvi hupanda na unyevu, ikaitumbua lami nyembamba kutoka chini.

Ukweli ni kwamba tabaka hili likishafunikwa halionekani tena. Siku ya ufunguzi, barabara iliyomwagiliwa na ile iliyoachwa juani hufanana. Kwa hiyo tunapendekeza kazi ya kumwagilia iandikwe peke yake katika mkataba, ilipwe kwa kipimo chake, na msimamizi aikague kila siku, iwe Jumapili au Idi. Boza la maji likilala, aandike.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika barabara, ufa ukionekana juu ya lami umekwisha kuchelewa. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali kutoka Makurunge, na mchuuzi wa Unguja anayengoja bidhaa zishuke bandarini Bagamoyo zivuke kwa jahazi, wote wanazitegemea siku zile saba ambazo hawakuziona.