Dawa ya Kupanua Mboni ya Jicho

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za atropini, dawa ya matone ambayo daktari humpa mgonjwa ili kupanua mboni ya jicho. Mwenye kuitumia huumizwa na mwanga, wala haoni vema vitu vya karibu, pengine muda wa siku 7 au zaidi. Basi asiendeshe motokaa wala baisikeli mpaka aone vema tena. Na anawe mikono kwanza. Akiisha kutia tone, abonyeze pembe ya jicho kando ya pua kwa dakika 2, dawa isishuke kooni. Asimgawie mwingine. Tena aifungie mbali na watoto, maana ikinywewa ni sumu iwezayo kuua. Jicho likimuuma sana, pamoja na kichwa na kutapika, arudi hospitali siku ile ile.