Kukwea Kilimambogo: Maelezo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ni ada ya vyama vya Kiswahili vyuoni kuandaa ziara kila mwaka, na aghalabu ziara hizo huelekea pwani. Hilo si baya, kwani huko ndiko kwenye chimbuko la mengi tunayoyasoma darasani. Hata hivyo, Kiswahili kimekwisha kupanda bara zamani, na mwanafunzi anayejua joshi na demani bila kujua tofauti ya mwinamo na mteremko ana pengo katika msamiati wake. Mwandishi wa makala haya aliligundua pengo hilo alipotakiwa kuandika ripoti ya ziara ya Kilimambogo. Baada ya sentensi ya kwanza, "Tulipanda mlima", kalamu iligoma. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mlima huo unavyokwewa, na papo hapo kuonyesha maneno yanayomfaa mkwezi.

Kilimambogo uko katika Kaunti ya Machakos, mashariki ya mji wa Thika. Kilele chake kina urefu wa mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, nao umekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1967. Jina lake lina utata unaostahili kuzingatiwa. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sapuk, yaani mlima mkubwa, na ramani zikaandika Ol Donyo Sabuk. Itakuwaje basi mlima mkubwa uitwe kilima? Mwanafunzi wa mofolojia atakimbilia kusema kwamba ki- hapa ni kiambishi cha udogo, kama katika kitoto na kijiji. La hasha. Katika Kikuyu, kĩrĩma ndilo neno la kawaida la mlima, na Wakamba nao husema kĩima. Hakuna udogo wowote unaokusudiwa. Jina lilipovishwa sauti za Kiswahili ndipo mlima ulipoonekana kudunishwa. Neno mbogo, kwa bahati njema, halihitaji fasiri: ni yule yule nyati, ambaye magazeti yetu humtaja kila mwanasiasa anapokasirika "akageuka mbogo".

Mbogo hao wangalipo, na hapa ndipo maelezo yanapopaswa kuwa makini. Mlima karibu wote, isipokuwa kileleni, umefunikwa na msitu mzito. Nyati hupenda kujibanza vichakani wakati wa jua kali, na dume mzee aliyejitenga na kundi ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa kuwa hushambulia anaposhtuliwa kwa karibu. Ndiyo sababu anayekwea kwa miguu huandamana na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, ambaye hupatikana kwa mpango langoni. Askari hutangulia, kundi likafuata bila kukatika. Wapo wanafunzi wanaoudhika kwa kuambiwa wasitangulie, waudhike tu. Kuzungumza kwa sauti ya kadiri pia kunafaa, kwa sababu mnyama aliyekusikia mapema huondoka mwenyewe.

Njia yenyewe, kutoka langoni hadi kileleni, ni takriban kilomita 9. Ni barabara ya udongo inayouzunguka mlima kwa mipindo mingi. Tunaposema kwamba ukwezi huu ni wa wastani, maana yake ni kuwa hauhitaji kamba wala kushika mwamba kwa mikono, lakini pumzi na mapaja vitajua kwamba vimefanya kazi. Ipo kanuni iliyotolewa mwaka wa 1892 na mkwea milima wa Uskoti, William Naismith: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 ni saa 1 na dakika 48. Kwa kuwa lango liko chini ya kilele kwa mita 600 hivi, jumla ni saa 2 na dakika 48. Naismith hakuhesabu kupumzika, kupiga picha, wala wenzetu waliovaa viatu vya kuendea arusini. Ni salama kutenga muda wa saa 3 hadi 4 wa kupanda pekee.

Kuhusu mwendo, kosa la wengi ni kuanza kwa kasi. Wataalamu wa mazoezi hushauri mtu aende kwa mwendo unaomruhusu kusema sentensi nzima bila kutweta. Sisi tuna kipimo bora zaidi: mshororo wa shairi wenye mizani 16. Ukiweza kuughani hadi mwisho, ukatua kwenye kituo cha mizani ya 8 tu, mwendo wako unafaa. Ukikatika ukwapini, punguza hatua. Tulikijaribu kipimo hicho katika ziara ya pili na hakuna aliyelala njiani.

Msituni mna somo jingine. Wengi wetu huita kila chenye mkia kinachoning'inia mtini "nyani". Kilimambogo hukosoa uvivu huo. Nyani hasa ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, apendaye kutembea chini. Tumbili ni mdogo, mwenye uso mweusi, na kima ni mzito kiasi, mkaazi wa misitu yenye kivuli. Mbega ndiye mwenye manyoya meusi na meupe marefu, na kidole gumba chake kimedumaa mno hata huonekana hana. Kadhalika, pongo, swala wa vichakani, hupatikana humo, ila kumwona ni bahati.

Kabla ya kufika kileleni kuna makaburi. Hapo amezikwa William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925, pamoja na mkewe Lucie na mtumishi wao Louise Decker. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinamo, akazikwa pale lilipokwama. Wengi wanalijua jina lake kutokana na Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Mahali hapo panafaa kwa kupumzika na kunywa maji. Lita 2 kwa kila mtu si nyingi.

Kadiri mtu anavyopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kileleni basi kuna baridi kuliko langoni kwa karibu nyuzi 4, na upepo huzidisha. Katika ziara yetu ya kwanza tulichelewa njiani, tukafika langoni karibu na adhuhuri, wengi bila sweta. Tulipokaribia kileleni tuliingia katika ukungu, hatukuona hata mwenzetu aliye hatua 20 mbele. (Aliyekuwa Thika saa hiyo aliuita wingu, ukungu ni wingu lililokufunika wewe.) Askari alituamuru tugeuke, nasi tukageuka kwa manung'uniko. Ziara ya pili tuliondoka chuoni alfajiri. Kulikuwa kweupe: Mto Athi ukijipinda chini, Thika upande mmoja, Mlima Kenya kaskazini, na kusini kabisa, kwa muda mfupi, weupe wa Kilimanjaro juu ya mawingu.

Mpanda ngazi hushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza. Wakati wa kupanda misuli ya mapaja hujikunja. Wakati wa kuteremka hulazimika kunyooka huku ikizuia uzito wa mwili, mithili ya breki, na hiyo ndiyo sababu ya maumivu ya siku mbili zinazofuata. Kaza kamba za viatu ili vidole visigonge mbele, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo.

Ndani ya basi kulizuka mjadala: je, tulikwea au tulipanda? Mmoja alidai kwamba mkwezi ni wa mnazi tu. Mwingine alijibu kwamba kupanda ni kwa gari na ngazi, na anayetumia miguu kupandia mlima anastahili kitenzi chake. Tulifika Thika mjadala ukiendelea, na ripoti yangu ina vitenzi vyote viwili.