Si kila zimwi ni shetani: Neno kwa watunzi chipukizi wa fantasia

Riwaya za fantasia zinazowalenga vijana zimeshika kasi. Mwaka wa 2018, Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alivuma kwa Children of Blood and Bone, riwaya iliyochota miungu na uchawi wake kwa Wayoruba. Je, vijana wetu wa Kitui na Makueni wamekosa nini? Karibu na mji wa Kitui lipo jiwe la Nzambani, ambalo wenyeji husimulia kwamba ukilizunguka mara saba unabadilika jinsia. Kule Makueni upo mwamba wa Nzaui, ambako masimulizi yanasema Mulungu aliwatoa binadamu wa kwanza. Malighafi ipo tele. Tatizo ni jina: viumbe wa masimulizi hayo tutawaitaje kwa Kiswahili?

Neno linalomjia mtunzi upesi ni ‘shetani’. Ninamsihi asikimbilie hapo.

‘Shetani’ na ‘jini’ ni maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu, na kila moja lilikuja na mzigo wake. Shetani ni adui wa Mungu na hana jema. Jini anaweza kuwa mwema au mwovu. Ndiyo maana katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert aliweza kumpa jini kazi ya kuwaadhibu ndugu wahaini.

‘Zimwi’ na ‘mzimu’ ni watoto wa nyumbani. Mzizi wake umeenea kote katika lugha za Kibantu. Wakikuyu wana irimu, yule zimwi wa ngano. Waganda wana omuzimu, roho ya marehemu. Kwa Wazulu, izimu ni mla watu. Kwa Wasotho, ledimo ni mla watu, badimo ni wahenga na Modimo ni Mungu mwenyewe! Mzizi mmoja umebeba jitu, babu na Muumba. Kinachowatenga ni kiambishi tu.

Kikamba nacho kina aimu, roho za waliotangulia. Tazama kiambishi hicho a-: ndicho kile kile cha andu, yaani watu, na cha Akamba. Sarufi yenyewe inawahesabu marehemu miongoni mwa watu. Ukiandika kwamba aimu ni mashetani, umewatoa katika ukoo na kuwatupa jehanamu kwa neno moja tu.

Hili si jambo dogo. Marehemu Prof John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, na mkusanyaji wa Akamba Stories (1966), alieleza katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba marehemu wa karibuni ni wafu walio hai: wanakumbukwa kwa majina na wangali sehemu ya familia. Nalo neno ‘shetani’ hapa nchini halina mzaha. Mwaka wa 1994, Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza madai ya ibada za mashetani. Kijana atakayesoma kwamba ithembo, mahali patakatifu ambapo wazee walitambikia, ni hekalu la shetani, atamwonaje nyanya wa nyanya yake?

Hata zimwi mla watu ana sheria zake. Katika ngano za Ukambani na za majirani wao, zimwi akishindwa hukatwa kidole cha mwisho, na wote aliowameza wakatoka wakiwa hai. Wahenga nao walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nani amewahi kusema hivyo kuhusu shetani?

Wenzetu wa Nigeria walikwisha kukumbana na kizingiti hiki. D.O. Fagunwa alichapisha riwaya yake ya Kiyoruba kuhusu msitu wa viumbe wa ajabu mwaka wa 1938. Wole Soyinka alipoitafsiri kwa Kiingereza mwaka wa 1968, aliiita The Forest of a Thousand Daemons. Aliteua tahajia ya kale, daemons badala ya demons, makusudi, ili msomaji asiwachanganye viumbe hao na mashetani.

Basi mtunzi afanyeje? Mla watu na abaki zimwi. Babu anayerudi kumkemea mjukuu na awe mzimu, kama alivyofanya Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001). Pale Kiswahili kinapopungukiwa, aimu na ithembo yaingie vivyo hivyo; matendo ya wahusika yatayafafanua. ‘Shetani’ naye ana nafasi yake: kinywani mwa mhusika anayeamini hivyo. Mhubiri akisema, “Huyo ni shetani,” na nyanya akajibu, “Huyo ni baba yangu,” kijana aliyesimama kati yao ameshapata mgogoro wa kubeba riwaya nzima.