Deni la Ujenzi na Wajibu wa Askari

Tarafa ya Nyakabuye, katika Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa zamani sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, iko jirani na bonde la Bugarama, ambako kiwanda cha CIMERWA kilianza kutoa saruji mwaka 1984. Mahali ambapo ujenzi ni riziki ya watu, hakuna jambo linalozua ghasia upesi kama fundi aliyemaliza kazi na kunyimwa ujira wake. Mara nyingi wa kwanza kuitwa ni askari. Kwa hiyo yafaa askari ajue deni la namna hiyo hudaiwa vipi, na mamlaka yake mwenyewe hukoma wapi.

Tuchukue mfano. Wilaya inampa mkandarasi kazi ya kujenga shule. Mkandarasi anamwajiri mkandarasi mdogo wa kujenga misingi, na anachukua saruji kwa mkopo. Kila hatua ikimalizika, kazi hupimwa, ankara hupelekwa, ndipo fedha hutolewa. Mwenye mradi akichelewa, mkandarasi mkuu hukwama; yeye akikwama, yule mdogo halipwi; na wa mwisho kabisa ni kibarua aliyebeba mawe. Mnyororo hukatikia juu, lakini maumivu huwa chini.

Jambo hili limekwisha kutokea. Bwawa la Itare, huko Kuresoi katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilikuwa likijengwa na kampuni ya Kitaliani ya CMC di Ravenna, ambayo ni ushirika ulioanzishwa na waashi mwaka 1901. Mwaka 2018 kazi ilisimama. Novemba mwaka huo kampuni ilishindwa kulipa riba ya hati zake za mkopo za euro milioni 325, ikieleza kwamba fedha ilizokuwa ikizidai zimechelewa. Desemba ikaomba hifadhi ya mahakama ya Ravenna dhidi ya wadai wake. Wakandarasi wadogo wa barabara ya Agrigento hadi Caltanissetta, kisiwani Sicily, na wafanyabiashara wa Kuresoi waliopeleka vifaa bwawani, wakajikuta katika safu moja, kila mmoja ameshika ankara isiyolipwa.

Hata hivyo, si kila ankara ni deni lililothibitika. Mwenye mradi aweza kusema kwamba ukuta una nyufa, kwamba kazi ilichelewa, au kwamba vipimo vimezidishwa. Deni lenye ubishi wa kweli huamuliwa kwanza kwa kesi ya kawaida, au na msuluhishi ambaye pande zote mbili zimemkubali. Nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 humruhusu mdai wa shilingi 100,000 au zaidi kuipelekea kampuni hati ya madai. Siku 21 zikipita bila malipo, kampuni huhesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Lakini mahakama haziruhusu hati hiyo igeuzwe rungu la kumtishia mtu mwenye ubishi wa haki.

Ufilisi una shabaha nyingine. Kampuni isiyoweza kuwalipa wote huwekwa chini ya msimamizi, na wadai mmoja mmoja huzuiwa kukamata mali zake. Rwanda nayo ina sheria yake ya ufilisi, iliyotungwa upya mwaka 2021. Msingi wake ni huu: pasipo utaratibu, mwenye nguvu angeondoka na mitambo yote usiku mmoja, na kibarua wa Nyakabuye angekuta kiwanja kitupu. Utaratibu ukifuatwa, mali huhesabiwa, madai huandikishwa na kuchunguzwa, kisha hulipwa kwa zamu iliyowekwa na sheria.

Hapo ndipo wajibu wa askari unapodhihirika. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1975, yakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Kwa hiyo askari anayemtia mdaiwa mahabusu ili alipe hajasaidia haki, bali amejifanya wakala wa mdai. Udanganyifu na wizi wa vifaa ni makosa ya jinai, nayo yachunguzwe kama jinai. Lakini deni tupu ni shauri la mahakama. Kazi ya askari ni kulinda kiwanja kisiporwe, kumlinda mtekelezaji wa hukumu mwenye amri halali, na kumwelekeza kibarua aandikishe dai lake mapema.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Serikali, wilaya na makampuni zikilipa ankara halali kwa wakati, askari hataitwa kabisa. Mpaka hapo, bunduki yake ilinde amani, na hesabu ya deni iachiwe hakimu.