Kiswahili cha mwanzo wa karne ya 18: Mfalme Fatima, gereza na herufi za Kiarabu

Barua kongwe zaidi za Kiswahili zilizosalia ziliandikwa Kilwa mwaka 1711. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na leo zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka za kihistoria ya Goa, India. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ambao Mwengo bin Athumani aliutunga Pate, una tarehe ya 1728, yaani miaka 17 baada ya barua hizo. Mara nyingi utendi huo hutajwa kuwa andiko la kwanza la Kiswahili. Kauli hiyo ina kasoro: utendi huo ni miongoni mwa tungo kongwe za kishairi zilizotufikia, lakini haukuzitangulia barua za Kilwa.

Kwa mwanafunzi wa lugha tofauti hiyo ina uzito. Utendi hufuata mizani 8 katika kila kipande, vipande vitatu vya kwanza vya ubeti hushirikiana kina, na kina cha kipande cha nne hurudiwa tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika utungo wenye beti zaidi ya 1,100, masharti hayo humlazimisha mshairi kuteua maneno, kupindua mpangilio wake na kutumia maumbo ambayo huenda hayakusikika sokoni. Isitoshe, utendi umejengwa juu ya lahaja za kaskazini, ambamo nchi ni nti na moja ni moya. Barua nazo zina taratibu zake za salamu na adabu, lakini ziliandikwa ili jambo fulani litendeke, na mpokeaji alitarajiwa kujibu. Kwa hiyo anayechunguza Kiswahili cha shughuli za kila siku ana haja zaidi na barua kuliko utendi.

Hali ya pwani wakati huo inaeleza kwa nini barua zilielekezwa kusini. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Tangu hapo nguvu ya Wareno ilibaki Msumbiji, na miji ya Waswahili ikajikuta kati ya mabwana wawili, mmoja amefukuzwa lakini hajakata tamaa, mwingine ameingia na tayari amewachosha watu. Mwaka 1728 Wareno waliirudia Mombasa, wakisaidiwa na Pate iliyokuwa imechoka na Waomani. Kabla ya mwaka 1729 kwisha walikuwa wamefukuzwa tena, safari hii kwa uasi wa watu wa Mombasa wenyewe. Watawala wa pwani hawakuwa watazamaji katika mambo hayo. Walipima, walichagua upande, na walipoona hasara walibadili, na barua za Kilwa ni sehemu ya kupima huko.

Miongoni mwa watu wanaohusika na barua hizo yumo mtawala wa Kilwa aliyekuwa mwanamke, Mfalme Fatima. Mfasiri wa leo atashawishika kumwita Malkia Fatima. Afikiri kwanza. Malkia ni neno la asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili cha sasa lina maana mbili: mwanamke anayetawala, na mke wa mfalme. Mfalme halina utata huo, kwani humtaja mwenye kutawala. Sarufi nayo haileti kikwazo chochote, maana upatanisho wa ngeli ya A-WA hautofautishi mume na mke: mfalme alituma barua, mfalme alikubali, mfalme alikataa. Palipo na haja ya kubainisha jinsia, mfalme mwanamke hutosha. Kumpa Fatima cheo cha malkia si kosa la sarufi, lakini kunaficha kwamba watu wa zama zake waliona neno moja linawatosha watawala wa jinsia zote mbili.

Neno lenyewe lilikuwa la kale hata wakati huo. Al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 10, alinakili cheo cha wafalme wa Zanji katika umbo ambalo wataalamu wengi hulisoma kuwa wafalme. Ikiwa usomaji huo ni sahihi, neno lilikuwa limekwisha kusikika pwani zaidi ya miaka 700 kabla ya barua za 1711. Huu ni mfano mzuri wa hatari ya kuchukua tarehe ya andiko kongwe kuwa tarehe ya kuzaliwa kwa neno. Andiko hutuambia tu kwamba kufikia siku fulani neno lilikuwapo. Limekuwapo kwa muda gani kabla ya hapo, halisemi.

Vyeo viwili vingine vya enzi hizo huwatatiza wasomaji. Mwinyi ni umbo la mwenye, na lilitumika kumtaja bwana, mtu mwenye hadhi au mwenye mji. Si jina la ukoo, ingawa leo baadhi ya watu wanalibeba hivyo. Mwana likitangulia jina la mwanamke ni cheo cha heshima, kama katika Mwana Khadija, aliyetawala Pate katika nusu ya pili ya karne hiyo, na Mwana Kupona, mshairi wa karne ya 19. Mfasiri anayelitafsiri mwana huyo kuwa mtoto humshusha bibi wa watu hadi kitandani cha kulelewa.

Upande wa Wareno, jambo la kwanza la kutazama ni jina lao. Mreno linahusishwa na neno lao reino, maana yake ufalme: katika makoloni yao ya Asia, aliyezaliwa Ureno kwenyewe alitofautishwa na waliozaliwa ng'ambo kwa kuitwa mtu wa ufalme. Waswahili walilichukua jina ambalo wageni walijitofautisha nalo wenyewe kwa wenyewe, wakawavika wote.

Neno lililosafiri mbali zaidi ni gereza. Asili yake ni igreja, yaani kanisa. Ndani ya Ngome ya Yesu palikuwa na kanisa, na inaelekea jina la jengo la ndani likaenea hadi likawa jina la boma zima. Katika Kiswahili cha zamani gereza lilikuwa ngome, na maana hiyo bado inaonekana Kilwa Kisiwani, ambako magofu ya boma lililo karibu na ufuo huitwa Gereza mpaka leo. Kwa kuwa ngome huweka askari na askari huweka wafungwa, maana ya kifungo ikaja ikawa ndiyo kuu. Ngome ya Yesu yenyewe ilitumiwa na Waingereza kuwa jela tangu 1895 hadi 1958, hivyo jengo na neno vikaishia mahali pamoja. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria anayemtia mhusika wake wa mwaka 1711 gerezani kwa maana ya leo anapaswa kujua kwamba msikilizaji wa zama hizo huenda angefikiria askari juu ya ukuta kabla ya kufikiria mfungwa.

Maneno mengine ya Kireno yanaonyesha yaliingia kwa njia gani. Mesa huandikwa kwa s, lakini Mreno huitamka z, na Mswahili akapokea meza. Caixa huandikwa kwa x inayotamkwa sh, ikawa kasha. Lenço ikawa leso, bandeira ikawa bendera, vinho ikawa mvinyo. Maneno haya yalipokewa kwa sikio, bandarini na majumbani, si kwa kusoma. Hata hivyo haifai kusema kwamba yote yalikwisha kuingia kufikia 1729, eti kwa sababu Wareno waliondoka Mombasa mwaka huo. Walibaki Msumbiji, na mabaharia hawakuacha kwenda na kurudi.

Linabaki suala la hati, na ndilo linalowapotosha wengi. Alfabeti ya Kiarabu haina herufi za kutosha kwa sauti za Kiswahili. Katika maandishi ya zamani herufi ba ilibeba b, p, mb na mp. Fa ilibeba f na v. Ghain ilibeba g, ng na ng'. Irabu tano ziligawana alama tatu: fatha kwa a, kasra kwa i na e, dhamma kwa u na o. Hivyo bata na pata huweza kuandikwa sawasawa, vivyo hivyo pita na peta, kuku na koko, gombe na ng'ombe. Msomaji wa zama hizo hakupata shida kubwa, kwa kuwa aliijua lugha na muktadha ulimwongoza. Msomaji wa leo hupokea maandishi hayo yakiwa yamehamishiwa herufi za Kilatini, na kila e au o aionayo ni uamuzi wa mhariri. Wahariri wawili waaminifu wanaweza kutofautiana, mmoja akasoma kwa lahaja ya Mombasa, mwingine ya Pate.

Kwa sababu hiyo, anayenukuu neno la mwaka 1711 au 1728 kuthibitisha matamshi ya kale ataje ametumia toleo la nani, na pale hoja inapotegemea irabu moja, aitazame hati yenyewe. Hoja kuhusu konsonanti kama m, n au l ina msingi imara zaidi, maana herufi hizo hazikugawana kazi. Hoja kuhusu p na b, au e na i, haiwezi kusimama juu ya neno moja tu.