Mgonjwa katika Sentensi: Msamiati wa Maradhi katika Kiswahili na Kifaransa

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili na Kifaransa vinavyomweka mgonjwa katika sentensi. Suala hili si la darasani tu. Ruaha Mbuyuni, mpakani mwa Iringa na Morogoro, imo katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo huendelea kupitia Zambia hadi Lubumbashi. Dereva wa Kikongo augulaye njiani aweza kujieleza kwa Kiswahili kilichokulia katika migodi ya shaba ya Katanga, bega kwa bega na Kifaransa, mbele ya tabibu aliyezoea Kiswahili cha Tanzania.

Kauli kichwa inaniluma haitamtatiza tabibu huyo. Upatanisho wa ngeli umelegea, lakini kitenzi ni kilekile: -luma imehifadhi /l/ ambayo Kiswahili Sanifu kimeidondosha katika -uma. Lopitali nalo, neno lililomeza kibainishi cha Kifaransa l', hukisiwa kwa urahisi.

Ugumu umo katika muundo. Zingatia mifano hii:

(1) Kichwa kinaniuma.
(2) Naumwa (na) kichwa.
(3) J'ai mal à la tête.

Katika (1) kiungo ndicho kitendacho. Katika (2) mgonjwa ni kiima cha kitenzi cha kutendwa. Kifaransa hakina mtenda: mgonjwa "anayo" maumivu, nayo yana mahali pake. Tafsiri ya nina maumivu kwenye kichwa, ingawa yaeleweka, ni Kifaransa kilichovishwa kanzu.

Hatari halisi imo katika J'ai mal au cœur. Cœur ni moyo. Kwa hiyo mfasiri wa neno kwa neno ataandika moyo unaniuma, na tabibu atashuku maradhi ya moyo, au pengine majonzi. Kumbe Mfaransa asema tu kwamba anasikia kichefuchefu. La kustaajabisha ni kwamba Kiswahili kina kisawe kilichojengwa juu ya kiungo hichohicho: moyo umenichafuka. Kosa la mfasiri, basi, haliko katika nomino bali katika kitenzi.

Penginepo lugha hizi hukutana bila kuazimana. Il a de la tension humaanisha kwamba shinikizo la damu limepanda, ingawa neno "juu" halitajwi. Vivyo hivyo ana presha. Homa ni kinyume chake. Neno hili lenye asili ya Kiarabu hutumiwa na wengi kwa joto la mwili na kwa malaria pia, ilhali Kifaransa hutenga fièvre na paludisme, ambalo wasemaji wengi wa Afrika hulikata kuwa palu. Dereva asemaye ana palu ametaja ugonjwa; asemaye ana homa huenda ametaja dalili tu, na tabibu hana budi kumwuliza tena.