Tamoksifeni Ikikwama Kwenye Ini

Tamoksifeni humezwa kila siku, kwa kawaida miligramu 20, kwa miaka 5 na wakati mwingine 10. Hupewa wenye saratani ya titi inayostawi kwa homoni ya estrojeni. Kazi yake ni kuwahi siti: estrojeni ikifika kwenye seli inakuta pamekaliwa, kama abiria aliyechelewa daladala.

Lakini tamoksifeni jinsi inavyotoka kwenye pakiti haina nguvu za kujivunia. Sharti ipite kwenye ini, vimeng'enya viigeuze kuwa endoksifeni, na huyo ndiye mkaaji asiyebanduka. Kimeng'enya kinachobeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo huitwa CYP2D6.

Sasa, mgonjwa wa saratani kupata sonona si ajabu. Tena tamoksifeni yenyewe huleta joto la ghafla usiku, mtu akaamka shuka zimelowa chepechepe, na baadhi ya dawa za sonona hulituliza joto hilo. Basi anaandikiwa paroksetini au fluoksetini. Zote mbili hukifunga CYP2D6 kwelikweli. Paroksetini hukiharibu kabisa, hadi ini litengeneze kingine. Ukipima damu, tamoksifeni ipo tele, endoksifeni imepungua. Na mgonjwa hajaruka hata dozi moja! Saratani ikirudi, ni rahisi kusema imekuwa sugu.

Mwaka 2010, watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha uchunguzi wa wanawake 2,430 waliotumia tamoksifeni na dawa ya sonona. Kadiri paroksetini ilivyotumika muda mrefu sambamba na tamoksifeni, ndivyo vifo vya saratani ya titi vilivyozidi. Baadaye utafiti wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 haukuona saratani ya titi ikijitokeza tena zaidi kwa waliotumia paroksetini. Kwamba endoksifeni hupungua hakuna anayebisha. Ubishi ni kama upungufu huo unaua. Mimi nisingengoja ubishi uishe ilhali dawa mbadala ipo.

Hasa huku kwetu. Waafrika wengi, Watanzania wakiwemo, wamerithi aina ya CYP2D6 inayofanya kazi kwa kujikokota, hata kabla paroksetini haijaingia mwilini.

Mbadala huo ni kama venlafaksini, inayokigusa kimeng'enya hiki kidogo tu na bado hupunguza lile joto la usiku. Ila paroksetini haiachwi ghafla: kizunguzungu na ndoto za kutisha humwandama anayeikatisha. Daktari huishusha dozi taratibu, wiki hadi wiki.